Nyimbo Zilizotoka Nje Zikarudi Kwenye Bendi: Albamu Binafsi za Wanamuziki wa Queen

Hotuba hii niliitoa Unguja, mbele ya wanamuziki vijana na wapenzi wa rock. Walioshindwa kufika waliniomba maneno yote, kwa hiyo nimeyaweka hapa kama yalivyosemwa.

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu wote, na nyinyi vijana mliokuja na magitaa mgongoni: Assalaam alaykum, na habari za jioni.

Nina swali kabla ya yote. Nani hapa yumo kwenye bendi? Inueni mikono. Haya. Sasa nyinyi mlioinua mikono, nani kati yenu hajawahi kuingiwa na hofu siku mwenzake aliposema, "Nataka kurekodi ya kwangu"? Naona mikono yote imeshuka.

Hofu hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Tukisikia mtu wa bendi katoa albamu yake, tunasema bendi imekufa, imebaki kuzikwa tu. Mimi leo nataka niseme kinyume, na ushahidi wangu ni bendi ambayo sisi watu wa Unguja tuna fungu letu ndani yake. Queen.

Freddie Mercury hahitaji kutambulishwa katika mji huu. Alizaliwa hapahapa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama enzi za Mwingereza. Mtoto akapelekwa India, shule ya bweni ya Panchgani, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Tangu 2019 makumbusho yake yapo Shangani, mnayapita mkienda sokoni. Lakini kazi alizofanya nje ya bendi, na kazi walizofanya wenzake watatu nje ya bendi, hizo sizisikii zikizungumzwa. Na mimi naamini bila hizo Queen isingefika ilikofika.

Kwanza, kwa nini mtu anatoka?

Queen ilianza London mwaka 1970, na kufikia 1971 walikuwa wanne kamili: Freddie mwimbaji na piano, Brian May gitaa, Roger Taylor dramu, John Deacon besi. Wote wanne walikuwa watunzi. Nasema tena: wote wanne. "We Will Rock You" ni ya Brian. "We Are the Champions" ni ya Freddie. "Another One Bites the Dust" ni ya John, yule mkimya wa besi. "Radio Ga Ga" ni ya Roger, mpiga dramu. Bendi ngapi duniani zina utajiri huo?

Lakini utajiri huo una shida yake. Santuri ya zama zile ilikuwa na pande mbili, na kila upande ulibeba dakika ishirini na kitu. Hapo zinaingia nyimbo kumi, labda kumi na mbili. Freddie ana zake, Brian ana zake, na wao ndio waliokuwa wakipata nafasi nyingi. Roger, miaka ile ya 1970, alikuwa akiambulia wimbo mmoja kwenye albamu, akibahatika miwili. Sasa jiulize: mtu ana nyimbo saba kichwani, nafasi anayo moja. Zile sita azipeleke wapi?

Na tusione haya kuitaja fedha, maana fedha ilikuwemo. Mwaka 1975 walipotoa "Bohemian Rhapsody", upande wa pili wa ile santuri ndogo waliweka wimbo wa Roger, "I'm in Love with My Car". Santuri ilikaa namba moja Uingereza wiki 9. Aliyenunua upande wa kwanza alinunua na wa pili, hakuna namna ya kununua nusu. Kwa hiyo Roger akapata mirabaha ya utunzi sawa na Freddie, kwa wimbo ambao wengi hawakuwahi kuugeuzia santuri. Jambo hilo liliwachoma wenzake kwa miaka. Mlio kwenye bendi mnajua maumivu hayo yanafananaje.

Basi ndiyo sababu wa kwanza kutoka alikuwa Roger. Mwaka 1977 alirekodi santuri ndogo kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka 1981 akatoa albamu nzima, "Fun in Space". Karibu kila chombo alikipiga yeye: dramu, gitaa, besi, sauti. Na alirekodia wapi? Mountain Studios, Montreux, Uswisi, studio iliyokuwa mali ya Queen wenyewe! Hakujificha. Alirekodi nyumbani. Na mwaka huohuo, katika studio hiyohiyo, wakakaa wote wanne na David Bowie wakatoa "Under Pressure", ikashika namba moja Uingereza. Sasa bendi hapo imekufa wapi?

Brian naye. Kisa cha Brian nakipenda mno. Mwanawe mdogo alikuwa akiangalia kipindi cha watoto kwenye televisheni, cha vikaragosi vya Kijapani na vyombo vya angani. Baba akaupenda wimbo wa kipindi. Aprili 1983 yuko Los Angeles, Queen wamepumzika, akawapigia simu marafiki: Eddie Van Halen, gitaa; Phil Chen, besi; Alan Gratzer, dramu; Fred Mandel, vinanda. Wakaingia studio siku mbili. Siku mbili tu! Kikatoka kitu kinaitwa "Star Fleet Project", nyimbo tatu, mmoja wao ni blues ya zaidi ya dakika kumi na mbili, magitaa mawili yanajibizana bila haraka. Na sauti za kuitikia kwenye wimbo wa kwanza aliimba nani? Roger Taylor, mwenzake wa Queen. Huo ndio ugomvi tunaouogopa?

Sasa nije kwenye filamu. Wengi wenu, na sikulaumuni, Queen mmeijua kupitia filamu ya 2018, "Bohemian Rhapsody". Mle ndani Freddie anachukua mkataba wa albamu zake, wenzake wanaumia, bendi inasambaratika, halafu Live Aid, lile tamasha la hisani la 1985, inawakutanisha wakiwa hawajapiga pamoja muda mrefu. Mnalia, na mimi nalia pia, maana imetengenezwa vizuri. Lakini haikuwa hivyo. Freddie hakuwa wa kwanza kutoka, nimeshawaambia Roger alitangulia kwa miaka minne. Albamu ya Freddie, "Mr. Bad Guy", ilitoka 29 Aprili 1985. Mwezi wa Januari mwaka huo Queen walikuwa Rio de Janeiro, wanapiga mbele ya bahari ya watu. Mei, wiki chache baada ya albamu yake kuingia madukani, walikuwa Japani, wote wanne jukwaani. Na Julai 13 wakapanda jukwaa la Wembley, London, kwenye hiyo Live Aid. Ule mkono uliokuwa umeshika kipande cha mlingoti wa maikrofoni haukutoka kwenye mapumziko ya miaka, ulikuwa umetoka kazini.

Kama kuna jambo lililoichafua bendi miaka hiyo, kwangu mimi ni Sun City. Oktoba 1984 walikwenda kupiga huko, Afrika Kusini ya makaburu, wakati wasanii wa dunia wamekubaliana kususia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mimi ni Mwafrika, nampenda Freddie, na jambo lile linaniuma hadi leo. Lilikuwa kosa la bendi nzima. Halikuwa la albamu ya mtu.

Sikatai kwamba zipo bendi zilizoumia. Mick Jagger alipotoa albamu yake mwaka huohuo wa 1985, Keith Richards alichukia hadharani, na Rolling Stones hawakufanya ziara tangu 1982 mpaka 1989. Keith naye akatoa yake 1988, wakapatana, wakarudi barabarani. Wako hadi leo. Na Kiss walifanya kioja: mwaka 1978 wote wanne walitoa albamu binafsi siku moja, kwa mpango. Kila bendi na mambo yake.

Hapa kwetu hali ilikuwa nyingine, na ina sababu. Katika muziki wa dansi mwanamuziki hakutoa albamu pembeni kisha akarudi. Alihama. Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Mlimani Park ilipoanza 1978, ilianza na watu waliotoka bendi nyingine. Kwa nini? Kwa sababu vyombo vilikuwa mali ya shirika, ya chama, ya mwenye bendi. Gitaa si lako, maikrofoni si yako, na studio ilikuwa ya redio. Ukitaka kusikika peke yako, njia ni moja, mlango wa kutokea. Leo kijana ana kompyuta chumbani, anarekodi usiku na asubuhi yuko kwenye mazoezi ya bendi. Mlango hauna haja ya kufungwa nyuma yake tena. Ila hofu tumeirithi.

Ndugu zangu, sasa naomba masikio yenu, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtu akitoka, anakuta nini huko nje?

Freddie alikwenda Munich, Ujerumani, studio za Musicland, na prodyuza aliyemzoea, Mack. Wapigaji walikuwa wa kulipwa: Curt Cress dramu, Paul Vincent gitaa, Stephan Wissnet besi, Fred Mandel vinanda. Watu hodari. Aliifanya albamu ile kidogokidogo, katikati ya kazi za Queen, karibu miaka miwili. Na kwenye jalada aliandika shukrani. Aliwashukuru Brian, Roger na John kwa kutomwingilia. Albamu yenyewe akaiweka wakfu kwa paka wake.

Hebu tulishike hilo la kutomwingilia. Ndani ya Queen kila wimbo ulipita kwenye moto. Freddie analeta, Brian anasema kibwagizo hakijakaa, Roger anasema mwendo ni mzito, John ananyamaza, na John akinyamaza sana wanajua kuna tatizo. Wanagombana kuhusu sekunde tano za wimbo! Kule Munich hakuna aliyegombana naye. Mpigaji wa kulipwa hakwambii, "Kaka, wimbo huu haujaiva." Anapiga, anapokea chake, anakwenda kwao.

Nimeisikiliza "Mr. Bad Guy" kwa miaka mingi na nasema kwa mapenzi: sauti ya Freddie mle ni ya ajabu, pengine hajawahi kuimba kwa uhuru namna ile. Lakini zipo nyimbo zinazopita bila kukwama mahali popote. Kile alichowashukuru wenzake kwa kutokumpa, ndicho kilichopungua.

Mnataka ushahidi? Upo, na ni nadra sana kuupata katika muziki. Chukueni wimbo "I Was Born to Love You". Wa 1985: vinanda vya umeme vinametameta, dramu zinakwenda mwendo wa disko, kila kitu safi, kila kitu kimenyooka, na sauti inapaa juu yake peke yake. Halafu chukueni wimbo huohuo wa 1995, uliorekebishwa na wenzake baada ya yeye kufariki. Sauti ni ileile! Ni kanda ileile aliyoimba Munich. Lakini sasa chini yake kuna dramu za Roger, ngozi na mbao, unasikia uzito wa mkono. Na kila Freddie anapomaliza mstari, gitaa la Brian linaingia kumjibu. Katika ule wa kwanza Freddie anaimba, mstari unaisha, kuna upenyo. Katika ule wa pili upenyo umejaa, mtu anamwitikia. Ukiwa na masikio huhitaji mwalimu wa kukufafanulia bendi ni nini.

Je, nasema asingetoka? Hapana, hata kidogo. Bila kutoka, wimbo ule usingekuwepo. Wangebaki kupigania nafasi ya kumi kwenye santuri.

Na kuna mahali alikotoka ambako bendi isingeweza kumfikisha. Mwaka 1983 alikwenda Covent Garden, London, kwenye opera, akamsikia Montserrat Caballé wa Barcelona akiimba. Hakuisahau sauti ile. Machi 1987 wakakutana hoteli ya Ritz, Barcelona. Huyu mtu aliyetawala viwanja vya mpira alikuwa na wasiwasi kama mtoto wa madrasa siku ya mtihani. Alikwenda na Mike Moran wa kumpigia piano, na kanda ya wimbo aliouimba kwa sauti ya juu ya kike, kumwonyesha anavyomwazia. Bibi akakubali. "Barcelona", wimbo, ukatoka Oktoba 1987. Albamu ikatoka Oktoba 1988. Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa.

Vijana, mnaelewa ujasiri wake? Mtu wa rock, anasimama pembeni ya mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera wa karne, naye anaimba kwa sauti yake mwenyewe, hamwigi. Bajeti haikutosha orkestra kamili kwenye nyimbo nyingi, vikatumika vinanda vya umeme. Mwaka 2012 albamu ikatolewa upya na orkestra kamili kutoka Prague, na hapo ndipo tulipoisikia alivyoiota. Wimbo wenyewe ulisikika duniani kote wakati wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Freddie hakuuona mwaka huo. Alikuwa amefariki 24 Novemba 1991. Na mwaka 1993, wimbo wake "Living on My Own", wa kwenye ile albamu ya Munich, uliofika namba 50 tu Uingereza ulipotoka, ulirekebishwa ukashika namba moja. Haraka ya soko si hukumu ya mwisho ya kazi ya mtu.

Sasa kurudi.

Freddie alipofariki, wenzake walikuwa na kanda chache za sauti yake, zile alizoimba Montreux akiwa hana nguvu ya kusimama muda mrefu. Hazikutosha albamu. Wakatafuta wapi? Walikwenda kwenye kazi zao za pembeni! Albamu "Made in Heaven" ilitoka Novemba 1995. Wimbo uliobeba jina la albamu ulitoka "Mr. Bad Guy". "I Was Born to Love You" ulitoka humohumo. "Heaven for Everyone" ulikuwa wa Roger, wa bendi yake ya pembeni, The Cross, aliyoianzisha 1987, na Freddie alikuwa ameshauimba kwa ajili yake. "Too Much Love Will Kill You" aliutunga Brian na wenzake wawili katika kipindi kigumu cha maisha yake. Queen waliurekodi Freddie akiwa hai, ukakwama kwa mambo ya haki za utunzi. Brian akauimba peke yake kwenye piano, Wembley, Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie, akauweka kwenye albamu yake "Back to the Light" mwaka huohuo. Miaka mitatu baadaye ukarudi na sauti ya Freddie.

Nyimbo nne. Zitoeni hizo nne, hiyo albamu ya mwisho inabaki nini? Kila mmoja alikuwa na shamba lake pembeni, na msiba ulipoingia walikula kutoka mashamba hayo.

Na waliendelea. Mwaka 1997 Brian alikuwa na wimbo wa albamu yake mpya, "No-One but You". Ukaishia kuwa wimbo wa Queen, Brian, Roger na John pamoja, wa kumkumbuka Freddie. Roger alikuwa ameshaimba yake ya kumkumbuka, "Old Friends", kwenye albamu yake ya 1994. Mwaka 2021 huyu Roger, ana miaka 72, akatoa "Outsider", ikafika namba 3 Uingereza, hakuna albamu yake binafsi iliyowahi kufika hapo. Akaipeleka ziara, na mwaka uliofuata akarudi nyuma ya dramu za Queen kuzunguka Ulaya.

Nakwenda kumalizia. Mtu mmoja sijamtendea haki. John Deacon hakutoa albamu binafsi hata moja. Aliwahi kurekodi santuri moja ya filamu mwaka 1986 na marafiki, basi. Baada ya ule wimbo wa 1997 akaacha muziki, akarudi kwa familia yake, hajaonekana jukwaani tena. Kuna wanaosema hakuwa na kiu. Mimi sikubali. Mtu aliyetunga "Another One Bites the Dust", kilichoshika namba moja Marekani, hana kiu? Alikuwa na kiu yake, na bendi iliituliza. Kama kwenye bendi yako yupo mtu wa namna hiyo, usimsukume atoke kwa sababu wengine wametoka.

Haya, spika ziko tayari. Tutasikiliza nyimbo tatu, halafu maswali. Tunaanza na "I Was Born to Love You" ya 1985, kisha ya 1995, msikilize ule upenyo mwisho wa mistari. Wa tatu ni "How Can I Go On", Freddie na Caballé, albamu ya "Barcelona". Hapo achaneni na waimbaji kwa dakika moja, msikilize besi. Anayepiga ni John Deacon.